Sumu Katika Kiazi: Jinsi Dawa ya Shambani Inavyofika Katika Damu ya Mfanyakazi



Katika mikutano ya matawi, hasa kwenye mashamba ya chai na miwa, kuna swali ambalo wanachama wametuuliza mara nyingi, nalo ni hili: je, dawa inayopigwa shambani yaweza kumwingia mtu kwa kula tu, hata kama mtu huyo hajabeba pampu mgongoni maishani mwake? Wengine huuliza kwa mzaha. Mzee mmoja aliyepiga dawa miaka mingi alitujibu mbele ya mkutano kwamba sumu ikichemshwa hufa, kama afavyo mdudu. Mwingine akasema tumbo la kibarua ni kinu, linasaga kila kitu. Watu walicheka sana, lakini kina mama waliokuwa wamekaa nyuma hawakucheka. Wao ndio wanaolima viazi na mihogo katika vipande vya ardhi vilivyo pembezoni mwa shamba la mwajiri, na ndio wanaopika.

Leo tunalijibu swali hilo. Hatutalijibu kwa maneno ya chuo kikuu, kwani sisi wenyewe kisomo chetu ni cha shule ya msingi, na haya tumeyapata kwa kusoma polepole na kuwauliza waganga pale tulipokwama. Tutalijibu kwa kueleza habari za wafanyakazi wenzetu wa nchi za mbali: wale wa kiwanda kimoja cha Marekani, na vibarua wa mashamba ya ndizi katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Karibi. Habari zao zinahusu sumu moja tu iitwayo klodekoni, ambayo jina lake la sokoni lilikuwa Kepone. Tumeichagua hiyo kwa sababu waliitengeneza wafanyakazi wa kiwandani, wakaimwaga wafanyakazi wa shambani, na wote wawili ikawadhuru. Tena ni kwa kupitia miili ya wafanyakazi hao kwamba madaktari walijifunza vizuri safari ya sumu ndani ya matumbo ya binadamu.

KIWANDA NDANI YA KITUO CHA PETROLI

Klodekoni ni unga mweupe uliotengenezwa kwa klorini nyingi, na kazi yake ilikuwa kuua wadudu. Huko Hopewell, mji mdogo katika jimbo la Virginia, ilikuwa mali ya kampuni kubwa iitwayo Allied Chemical. Mwaka 1974 kazi ya kuitengeneza ilipewa kampuni ndogo, Life Science Products, iliyoanzishwa na watu wawili waliowahi kuajiriwa na hiyo kampuni kubwa. Kiwanda chenyewe kiliwekwa katika jengo lililokuwa zamani kituo cha kuuzia petroli. Mnaufahamu mtindo huo ndugu zetu: kazi chafu hupewa mkandarasi, na tajiri hunawa mikono.

Vumbi la ule unga lilikuwa kila mahali. Liliingia puani, likakaa katika ngozi, likamezwa. Muda si mrefu wafanyakazi wakaanza kutetemeka mikono, na wenyewe wakaipa hali hiyo jina la mtetemeko wa Kepone. Walikonda. Macho yao yalirukaruka bila wao kutaka. Vifua na viungo viliuma, na wengine walipopimwa walikutwa mbegu zao za kiume zimepungua. Julai 1975 daktari mmoja wa mjini pale hakuridhika na maelezo ya kawaida, akatuma damu ya mfanyakazi mmoja katika maabara ya serikali kuu huko Atlanta. Jibu lilirudi kwamba damu hiyo ina klodekoni sehemu 7.5 katika kila sehemu milioni. Mwezi huo huo kiwanda kilifungwa. Kati ya watu 133 waliokuwa wamefanya kazi pale na wakachunguzwa, 76 walikutwa na ugonjwa wa sumu hiyo. Kwa wale waliokuwa kwenye utengenezaji hasa, waliougua walikuwa 64 katika kila 100. Sumu ilikutwa hata katika damu ya watu wa familia zao, ambao hawakukanyaga kiwandani. Ililetwa nyumbani na nguo za kazi.

Na taka za kiwanda je? Zilimwagwa katika mifereji ya mji, zikafika Mto James. Samaki wakaibeba. Desemba 1975 gavana wa Virginia aliufunga mto huo kwa wavuvi, na makatazo ya namna mbalimbali yaliendelea hadi mwaka 1988. Wavuvi, ambao hawakuwa na kosa lolote, walikosa riziki kwa miaka hiyo. Allied Chemical ilitozwa faini ya dola milioni 13.2 mwaka 1976. Baadaye faini ikapunguzwa hadi milioni 5, baada ya kampuni kutoa milioni 8 za kuanzisha mfuko wa kuhifadhi mazingira ya jimbo.

SAFARI YA SUMU TUMBONI

Sasa tuingie ndani ya mwili, na tunaomba msomaji awe na subira, kwani hapa ndipo jibu lilipo.

Chakula kikitoka katika mfuko wa tumbo huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita kadhaa. Ukuta wake wa ndani si laini kama bomba la mpira. Umejaa vinyweleo vidogo mno, mfano wa taulo. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kunyonya. Hunyonya sukari ya posho, protini za maharage, mafuta ya karanga, chumvi, madini. Lakini ukuta huo hauna karani mlangoni anayeuliza kila mgeni ametoka wapi. Una tabia zake tu. Vitu vya mafuta huupita kwa urahisi, kwani ngozi ya chembechembe zake nayo ni ya mafuta. Vitu vikubwa vinavyopenda maji huvikataa, mpaka viwe na mlango wao maalum.

Sumu nyingi za zamani za klorini, yaani DDT, dieldrin, klodekoni na nduguze, hupenda mafuta. Unapokula, nyongo humwagika katika utumbo ili iyavunje mafuta ya chakula yawe matone madogo sana. Sumu huingia ndani ya matone hayo kama abiria aliyedandia lori la mizigo, na lori likipita ukutani, naye hupita. Hakuna uchungu wowote, wala kutapika, wala kuharisha. Mtu hushiba, akalala usingizi mzuri.

Ziko sumu nyingine zinazoingia kwa udanganyifu. Risasi ya kwenye betri, kwa mfano, mwili huichukua kwa kuifananisha na chokaa ya mifupa na madini ya chuma. Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake huchukua kiasi cha sehemu moja katika kumi. Mtoto mdogo aweza kuchukua nusu nzima. Na mtu mwenye njaa, au aliyepungukiwa na chuma na chokaa mwilini, huchukua zaidi kuliko aliyeshiba maziwa, dagaa na mboga za majani. Ndugu zetu wa viwanda vya betri na rangi walishike hilo: kunawa mikono kabla ya kula si adabu ya mezani tu, na kwenda kazini bila kuonja kitu ni kuifungulia risasi mlango. Lakini tumetoka kidogo kwenye njia, turudi.

Damu yote inayotoka katika utumbo haiendi moja kwa moja moyoni. Hupitia kwanza katika ini kwa mshipa wake maalum. Ini ndilo bohari la mwili. Hupokea, hupanga, huhifadhi, na kitu kibaya hukigeuza kiwe cha kuyeyuka katika maji, ili figo zikitoe kwa mkojo.  Dawa nyingi za hospitali hufanyiwa hivyo. Klodekoni ni ngumu mno, mkojo hauitoi kwa kiasi cha maana. Ini hufanya liwezalo, likaitia katika nyongo, na nyongo ikaimwaga katika utumbo. Hapo mtu angetarajia kwamba itatoka na choo na mambo yakaisha.

Hayakuisha. Madaktari wa Virginia walichunguza wafanyakazi 22 wa kile kiwanda. Walipima sumu inayomwagwa na nyongo kwa siku, wakapima na ile inayotoka katika choo. Ile ya nyongo ilikuwa mara 19 ya ile ya choo. Fikirini hesabu hiyo. Ini linafukuza sehemu 19, sehemu moja tu ndiyo inayofika chooni, na 18 zinanyonywa upya na ule ukuta wa taulo na kurudi katika ini. Ni kama mlinzi anayemtoa mwizi kwa lango la mbele, naye mwizi anazunguka na kuingia kwa mlango wa uani, usiku kucha, kila siku.

Walipolijua hilo, madaktari wakatafuta kitu cha kumkamata mwizi njiani. Walichukua unga uitwao kolestiramini, ambao ulikuwa tayari unatumiwa kwa wagonjwa wenye mafuta mengi katika damu. Unga huu haunyonywi na utumbo. Hupita wote hadi nje. Lakini ukiwa njiani huing'ang'ania klodekoni na kutoka nayo. Sumu iliyotoka katika choo iliongezeka mara saba. Bila dawa hiyo, nusu ya sumu ilichukua siku 165 kuondoka katika damu. Kwa dawa, siku 80. Matokeo haya yalitangazwa mwaka 1978, na mpaka leo madaktari huyarejea wanapozungumza juu ya sumu inayozunguka kati ya ini na utumbo. Waliowapa elimu hiyo walikuwa wafanyakazi wenye mikono inayotetemeka, na kwa maoni yetu majina yao yangestahili kuandikwa ukutani mwa kila chuo cha udaktari.

Hizo siku 165 zina maana kubwa kwa mtu anayekula. Chukueni mtungi wenye tundu dogo chini. Ukiutilia maji kidogo kila asubuhi, mwanzoni unajaa kuliko unavyovuja. Kadiri unavyojaa ndivyo unavyovuja kwa nguvu, mpaka kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Tumefanya hesabu kwa sumu hii. Mtu akiingiza katika damu kipimo kimoja tu kila siku, kidogo kiasi gani kiwavyo, baada ya miaka miwili hivi atakuwa anabeba mwilini mwake vipimo kati ya 220 na 240. Akiacha kukiingiza, mtungi utavuja: nusu itaondoka kwa miezi mitano na nusu, nusu ya iliyobaki kwa mingine mitano na nusu, na kuendelea. Kwa hiyo mwili hauko bila kinga. Unajisafisha polepole sana, kwa sharti kwamba mdomo usiendelee kuujaza.

Mama mjamzito hubeba mtungi wa watu wawili. Klodekoni hupita katika kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni, na hupatikana katika maziwa ya mama.

NDIZI SAFI, KIAZI KICHAFU

Baada ya Hopewell, Marekani haikuitengeneza tena. Ungefikiri hapo ndipo kaburi la Kepone. Lakini katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe kulikuwa na mdudu.

Mdudu huyo wakulima wa huku wanamjua vizuri. Ni fukusi wa migomba, mweusi, mgumu, anayetaga mayai katika kisiki, na funza wake wakatoboa kisiki mpaka mgomba unaanguka na mkungu wake kwa upepo mdogo tu. Huko visiwani, wenye mashamba makubwa wanaouza ndizi Ufaransa waliruhusiwa kutumia klodekoni kuanzia mwaka 1972. Vibarua, wanaume na wanawake, waliimwaga kwa mkono kuzunguka kila shina, wengi bila glavu.

Wafanyakazi hao hawakungoja wataalamu wawaambie. Januari na Februari 1974, yaani kabla hata ya Hopewell kufungwa, vibarua wa ndizi wa Martinique waligoma. Walidai mshahara, na katika orodha ya madai yao lilikuwamo dai la kuondolewa sumu mashambani. Tarehe 14 Februari 1974, mahali paitwapo Chalvet katika wilaya ya Basse-Pointe, askari waliwafyatulia risasi wagomaji. Kibarua Rénor Ilmany aliuawa. Siku mbili baadaye ulikutwa mwili wa kijana Georges Marie-Louise. Mshahara uliongezwa baada ya mgomo. Sumu ilibaki.

Mwaka 1979 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliitia klodekoni katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta kansa kwa binadamu. Mwaka 1981 ikarudi visiwani kwa jina jipya, Curlone, safari hii ikitengenezwa Brazil. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1990, lakini wenye mashamba ya visiwani wakaongezewa muda kwa ruhusa maalum hadi mwaka 1993. Kwa jumla zilimwagwa tani 300 hivi.

Sasa tazameni jinsi ilivyofika sahanini. Udongo wa visiwa hivyo ni wa volkeno, na klodekoni huushika udongo kama rangi inavyoshika ukuta. Mvua haiitoi kwa haraka, jua haliivunji, na wataalamu wanakadiria kwamba katika udongo wa aina fulani itakaa kwa mamia ya miaka. Mgomba wenyewe haupandishi sumu hiyo hadi kwenye tunda. Ndizi iliyosafirishwa kwa meli mpaka Ufaransa ilikuwa safi, na mlaji wa Paris aliimenya bila wasiwasi. Lakini shamba la ndizi likichakaa hugeuzwa bustani, na kibarua hupanda humo viazi vitamu, viazi vikuu na magimbi. Mazao hayo hukaa ndani ya udongo wenyewe, ngozi kwa ngozi, na sumu huingia kutoka udongoni. Hukusanyika zaidi katika ganda na sehemu iliyo karibu na ganda. Boga na matango yanayotambaa nayo huvuta kiasi. Matunda ya mitini, kama embe na machungwa, karibu hayana kitu.

Kuku akidonoa, humeza udongo. Ng'ombe akichunga, humeza udongo pamoja na nyasi, na sumu ikaenda katika ini, nyama na maziwa yake. Kuku wa uani akataga yai lenye sumu. Mvua ikachukua tope hadi mitoni na pwani, kamba na samaki wakaipata, na serikali ikakataza uvuvi katika mito na katika sehemu za bahari. Hata chemchemi za maji ya kunywa zilikutwa nayo mwishoni mwa miaka ya 1990, zikabidi kuwekewa vichujio vya makaa. Umma wa Ufaransa ulishtuka zaidi Agosti 2002, wakati shehena ya viazi vitamu kutoka Martinique, tani moja na nusu, ilipokamatwa katika bandari ya Dunkerque. Ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba wenyeji wa Martinique nao hula viazi.

Damu ya wakazi ilipimwa katika uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014. Kati ya watu wazima, waliokutwa na klodekoni walikuwa 95 katika kila 100 kwa Guadeloupe, na 92 katika kila 100 kwa Martinique. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu dawa ipigwe kwa mara ya mwisho. Kama nusu ya sumu huondoka mwilini kwa siku 165, basi ile waliyoimeza au kuivuta kazini mwaka 1993 ilikuwa imekwisha kabisa siku nyingi. Iliyokuwamo katika damu yao ni mpya, iliyoingia kwa chakula. Ndugu yetu aliyetuuliza kama sumu yaweza kumwingia asiyebeba pampu, jibu lake ndilo hilo.

Waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi, wataalamu walieleza, ni wale wanaokula samaki wa kuvua wenyewe, mayai na mizizi ya bustanini, na vya kununua kando ya barabara. Vile vya madukani hupimwa. Vya maskini havipimwi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 huko Guadeloupe ulionyesha kwamba wanaume wenye klodekoni nyingi katika damu wako katika hatari zaidi ya kupata kansa ya tezi dume.

Na haki? Mashtaka yalifunguliwa mwaka 2006. Januari 2023 mahakimu wa Paris walikiri kwamba jambo hili ni aibu ya kiafya, kisha wakalifuta, wakisema muda mrefu mno umepita. Desemba 2021 serikali ya Ufaransa ilikubali kwamba kansa ya tezi dume kwa wafanyakazi wa mashambani walioshika dawa za kuulia wadudu ni ugonjwa wa kazi wenye fidia, kwa sharti kwamba mfanyakazi awe amekuwa karibu na dawa hizo kwa miaka 10. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mambo ya utawala huko Paris ilisema dola ilifanya makosa, na kwamba anayeweza kuonyesha kuwa ameishi na hofu ya haki juu ya sumu hiyo alipwe. Ni miaka 51 tangu Chalvet.

KWETU JE?

Klodekoni imepigwa marufuku na nchi zilizotia saini Mkataba wa Stockholm, tangu mwaka 2009. Hatuleti hofu kwamba imemwagwa katika kila shamba la huku. Lakini dieldrin, ambayo ni ya ukoo huo huo wa klorini, ilitumiwa hapa Uganda kumwua fukusi yule yule wa migomba, mpaka fukusi akaizoea. Nayo imo katika orodha ya Stockholm, na ni sumu ya kukaa udongoni miaka mingi. Na fukusi anaweza kupigwa vita bila sumu: kwa kung'oa visiki vya zamani, kutega vipande vya shina lililopasuliwa na kuwaokota usiku unapokucha, na kuchovya machipukizi katika maji ya moto kabla ya kuyapanda. Ni kazi ya mikono mingi, kwa hiyo ina gharama ya mishahara. Hapo ndipo tajiri anapoipenda dawa.

Tunazungumza hasa na wale wanaoishi katika kambi za mashamba. Viazi na mihogo isilimwe mahali pa zamani pa kuchanganyia dawa, wala karibu na bohari la dawa au mfereji wa kuoshea pampu. Kama hakuna ardhi nyingine, pale pandeni miti ya matunda, si mizizi. Kuku wasiachwe kudonoa hapo. Viazi vikitoka shambani vioshwe udongo wote, na ganda limenywe nene, kwani ndilo linalobeba zaidi. Kuchemsha hakuvunji sumu za aina hii. Yule mzee wetu atusamehe. Kwa dawa zinazopigwa juu ya majani mambo ni tofauti kidogo: hizo hukaa zaidi juu ya jani, huoshwa kwa sehemu, na nyingi hupungua zenyewe ikiwa siku zilizoandikwa kwenye lebo zimengojewa kabla ya kuchuma. Mama anayechuma dodo kando ya shamba lililopigwa dawa jana hana lebo ya kusoma. Basi mwajiri atangaze siku ya kupiga dawa, kwa bendera au kwa tangazo la lugha inayoeleweka kambini.

Madebe na jerikeni za dawa tumeziona zikichotea maji ya kunywa. Zitobolewe na kurudishwa kwa mwajiri. Ovaroli zifuliwe kazini, si katika beseni la nyumbani wanamooga watoto. Wake za wafanyakazi wa Hopewell hawakuajiriwa na mtu, lakini sumu iliwafikia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na mfanyakazi hapaswi kukatwa senti kwa ajili hiyo. Mahali pa kufulia na ardhi safi ya bustani viingizwe katika mkataba wa hiari wakati wa majadiliano, kwa maneno yaliyo wazi, pamoja na haki ya tawi kuonyeshwa orodha ya dawa zote zilizoko bohari.

Tunawaomba makatibu wa matawi wafungue daftari. Kila dawa inapofika, liandikwe jina lililo kwenye lebo, si jina la mitaani, pamoja na tarehe, namba ya kitalu ilipopigwa, na majina ya waliopiga. Kila mwanachama naye atunze hati zake za mshahara na kadi zake za kazi nyumbani kwake, hata zile za vibarua wa msimu. Mfanyakazi wa Martinique anayedai fidia leo huulizwa kwanza kama aweza kuonyesha miaka yake 10.